Kutambua Maradhi ya Gole na Tumbo kwa Bata wa Nyumbani
Matini ya mazungumzo kwa wafugaji wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Bata ni ndege mstahamilivu. Hulala penye unyevu, hula kile ambacho kuku hukikataa, na mara nyingi husalimika pale mdondo unapoingia katika banda la kuku na kulifagia. Kwa ajili ya ustahamilivu huo, wakaazi wengi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika humwacha bata ajitafutie mwenyewe kutwa nzima, wala hawamtazami mpaka siku wanapomkuta amelala ubavu. Kumbe ustahamilivu huo ndio unaoficha maradhi yake. Ndege aliye dhaifu hujikaza asionekane dhaifu, kwani katika maumbile anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza na mwewe. Mfugaji anapoiona dalili akiwa amesimama mbali, aghalabu maradhi yamekwisha kukaa mwilini siku kadhaa.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kumwezesha mfugaji kuzigundua mapema dalili za maradhi ya gole na tumbo, na kueleza kwa nini jambo hili halimhusu bata peke yake. Bata huokota kwa mdomo wake kila kilichotupwa ufukweni, uani na ghalani. Akiugua tumbo, huwa ametoa taarifa ya awali kwamba pana kitu kibaya mahali wanapocheza watoto, au katika nafaka inayoliwa na watu wa nyumba hiyo. Anayemkagua bata wake vizuri huwa anaikagua pia nyumba yake.

Hasara nayo si ndogo. Bata wanaofugwa zaidi vijijini ni wale wenye vinundu vyekundu usoni, na jike lao hulalia mayai kwa muda wa siku 35 hivi. Jike akifa katikati ya kipindi hicho, mayai yote huharibika pamoja naye, na familia iliyokuwa ikitegemea kuuza vifaranga kwa ajili ya madaftari na sare za shule hubaki mikono mitupu. Aidha, bata wengi wa nyumbani ni wa watoto. Hupewa majina, na hufuatana na watoto mpaka kisimani. Mtoto ambaye hushika bata kila siku ndiye anayeweza kufundishwa kwa wepesi zaidi namna ya kumkagua.

Kabla ya kutaja dalili, ni vyema kufahamu chakula kinapita wapi. Bata hana meno. Chakula humezwa pamoja na maji na kuteremka katika umio hadi sehemu ya chini ya shingo, juu kidogo ya kidari, ambapo umio hupanuka ili kukihifadhi kwa muda. Sehemu hiyo ndiyo iitwayo gole. Kwa kuku, gole ni mfuko wa mviringo unaoonekana wazi. Kwa bata, gole ni upana mrefu mfano wa pia, na kwa hivyo uvimbe wake haujitokezi haraka. Hutambulika zaidi kwa kupapasa kuliko kwa kutazama. Kutoka hapo chakula huingia katika tumbo dogo lenye maji makali ya kuyeyushia, kisha katika firigisi, ambayo husaga kwa nguvu ya misuli yake ikisaidiwa na changarawe alizomeza ndege. Bata anayefungiwa mahali pasipo na changarawe huwa kama jiwe la kusagia lililokosa mwenziwe: chakula hupita bila ya kusagika, au hukwama.

Ukaguzi ulio bora hufanywa alfajiri, kabla ya banda kufunguliwa. Jioni bata akirejea, gole huwa limejaa, na hilo ni jambo la kawaida. Usiku kucha chakula huteremka, na asubuhi gole la bata mzima huwa tupu na laini. Ili kipimo hiki kiwe cha kweli, chakula kisiachwe bandani usiku. Maji peke yake yanatosha. Mfugaji amshike bata kwa utulivu, mbawa zikiwa zimebanwa ubavuni mwake, apitishe vidole taratibu kutoka kooni hadi mwanzo wa kidari, kisha afanye hivyo hivyo kwa bata mwingine aliye mzima. Kulinganisha ndiko kunakomfundisha mtu, kwani bata aliyenenepa huwa na mafuta mahali hapo, na asiyezoea anaweza kuyadhania kuwa ni uvimbe.

Asubuhi mfugaji akikuta gole limejaa, hali zake ni mbili. Kwanza, gole gumu kama unga uliokandwa au kama fundo la kamba. Hii ni dalili ya kuziba: majani marefu, makapi, uzi au pumba zilizovimba zimeshikana na haziteremki. Pili, gole laini, lililojaa maji au hewa, na mdomo unatoa harufu ya uchachu. Hii ni dalili ya chakula kuchacha ndani, na mara nyingi huambatana na ukungu unaoota katika utando wa koo, hasa kwa bata aliyekunywa maji machafu au aliyepewa dawa za kuua vijidudu kwa muda mrefu. Katika hali zote mbili bata huweza kuonekana akinyoosha shingo mara kwa mara, akitikisa kichwa, au akikikaribia chakula kwa hamu kisha akakiacha.

Baada ya gole, mfugaji ashike mfupa wa kidari. Kwa bata mwenye siha, nyama huujaa mfupa huo pande zote mbili. Ukiwa umechomoza kama ukingo wa kisu, ndege huyo hafaidiki na anachokula, hata kama anaonekana akila kila siku.

Kipimo cha tatu ni kinyesi. Kinyesi cha bata kwa kawaida ni cha majimaji kuliko cha kuku, kwa sababu bata hunywa maji mengi. Hilo pekee si ugonjwa. Kinyesi kizuri huwa cha rangi ya kahawia au kijani iliyofifia, chenye weupe juu yake ambao ndio mkojo wa ndege. Mara moja moja hutoka kinyesi cha kunata, cha rangi ya haradali na chenye harufu kali, na hicho pia ni cha kawaida. La kutia wasiwasi ni damu; au kijani kikali kisicho na mabaki ya chakula, ambacho huonyesha kwamba bata hajala na kinachotoka ni nyongo; au maji meupe matupu; au punje nzima zisizosagwa. Manyoya ya nyuma yaliyogandamana kwa uchafu ni ushahidi kwamba kuharisha hakukuanza jana.

Kipimo cha nne ni mwenendo wa ndege mwenyewe. Bata anayejitenga, anayekaa na manyoya yaliyosimama, anayekuwa wa mwisho kutoka bandani au anayekataa kuingia majini, apewe nafasi ya kuangaliwa siku hiyo hiyo. Iwapo ni jike na anajikaza bila ya kutoa kitu, mfugaji asikimbilie kusema kwamba amefunga choo. Huenda yai limekwama, na hilo huhitaji msaada wa haraka wa mtaalamu.

Ndugu wananchi, maradhi haya yana asili zake, na katika mwambao wa Tanganyika asili hizo ni tatu: ufuko, ghala na uwanja wa nyumba.

Ufuko ni neema na ni hatari. Katika mialo kama Kibirizi na Katonga, dagaa huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Bata hufaidika na masalio. Lakini katika miezi ya mvua dagaa hukosa jua, huoza, na hutupwa katika mafungu yanayojaa mabuu. Katika mizoga na samaki walioozea mahali pa joto pasipo na hewa, huota kijidudu kinachotengeneza sumu kali mno. Mabuu huikusanya sumu hiyo miilini mwao bila ya wao kudhurika, na bata akila mabuu machache tu huweza kufa. Dalili zake ni za kutambulika: miguu hulegea kwanza, kisha mbawa, mwisho shingo hushindwa kukibeba kichwa. Bata aliye majini huzama kwa sababu hawezi kuinua kichwa chake. Watu husema amerogwa au amepigwa, ilhali ameuawa na fungu la samaki lililotupwa nyuma ya nyumba. Hatari hii huzidi maji yanapotuama. Katika miaka ya 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika maeneo ya makaazi ya ufukweni, na mahali kama hapo hubakia vidimbwi vya maji ya moto yaliyojaa mimea na viumbe vilivyooza. Bata hupapenda mahali hapo, na hapo ndipo asipotakiwa kupelekwa.

Ufukoni pia pana nyuzi za nyavu kuukuu, ndoana na vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu na mishipi. Ingawa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, vipande vya plastiki na kamba za nailoni bado huonekana mchangani. Uzi mmoja mrefu huweza kujifunga katika gole na kukusanya kila kinachopita. Risasi ikikaa katika firigisi husagwa na kuingia katika damu. Ndege hudhoofu, kinyesi huwa cha kijani, mbawa huning'inia, na gole hulegea hata likashindwa kukisukuma chakula.

Samaki waliotiwa chumvi nao wana madhara yao. Chumvi ya Uvinza inajulikana katika sehemu hizo tangu zamani, na samaki wa kukaushwa wenye chumvi ni chakula cha watu. Bata akipewa vichwa na mabaki ya samaki hao kwa wingi, hasa pasipo maji ya kutosha, hushikwa na kiu kali, huharisha, na huweza kufa. Mabaki hayo yaroweshwe, maji yake yamwagwe, na yatolewe kwa kiasi kidogo.

Asili ya pili ni ghala. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na aina fulani ya kuvu hutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu. Hakuna ndege wa kufugwa anayedhurika upesi kwa sumu hiyo kuliko kifaranga cha bata. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana, na vifaranga vya bata pia vilikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na kwa muda mrefu baadaye wataalamu walivitumia vifaranga vya bata kuwa kipimo cha kugundua sumu hiyo. Dalili zake ni kukosa hamu ya kula, kudumaa, kutembea kwa kuyumba na kufa ghafla. Akipasuliwa, ini huonekana limeharibika.

Hapa ndipo mfugaji anapotakiwa kutulia na kufikiri. Mahindi yaliyooza mara nyingi humwagiwa bata kwa hoja kwamba hayafai tena kwa ugali. Lakini yale yanayobakia katika gunia hilo hilo, yaliyochambuliwa kwa macho tu, hurudi jikoni. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki kwa sababu hiyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kwa hivyo, vifaranga vya bata vikianza kufa baada ya kufunguliwa gunia jipya, gunia hilo lisiguswe na mtu wala ndege mpaka afisa kilimo au mtaalamu wa chakula aelezwe.

Asili ya tatu ni uwanja wa nyumba. Pumba kavu zikimezwa kwa pupa huvimba ndani ya gole. Zinatakiwa kuchanganywa na maji kabla. Ugali wa jana ulioganda hutengeneza donge. Uvunjwe vipande vidogo. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu na hayafai kabisa. Na daima chakula na maji viwe mahali pamoja, chombo cha maji kiwe na kina cha kumwezesha bata kuzamisha mdomo hadi puani, kwani bata humeza kwa msaada wa maji na huoshea pua zake humo. Bata anayekula pasipo maji ni rahisi kukabwa.

Mfugaji akigundua tatizo, hatua ya kwanza ni kumtenga bata huyo mahali pakavu penye kivuli na maji safi. Gole likiwa gumu, chakula kizuiliwe, ndege apewe maji, na mafuta ya kula kiasi cha nusu kijiko cha chai yadondoshwe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo. Kisha gole lipapaswe taratibu mara kadhaa kwa siku ili donge lilegee. Lisipopungua ndani ya saa 24, apelekwe kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kulipasua gole na kulishona. Kazi hiyo si ya wembe wa nyumbani. Gole likiwa la majimaji na uchachu, ni daktari pia atakayetoa dawa inayohusika. Bata aliyelegea shingo awekwe mahali ambapo kichwa chake kitaegemezwa, anyweshwe maji safi kwa matone, na wenzake waondolewe mara moja katika eneo lile.

Yako mambo matatu yasiyotakiwa kufanywa. Bata asigeuzwe miguu juu ili atapike, kwani yaliyomo huingia katika njia ya hewa na kumuua papo hapo. Uzi unaoonekana ukining'inia mdomoni usivutwe, kwani huenda upande wa pili pana ndoana. Na dawa za vijidudu zilizobaki kwa binadamu au kwa kuku zisitumiwe kwa kubahatisha. Huharibu zaidi hali ya gole, hubaki katika mayai na nyama, na huzoesha vijidudu visisikie dawa.

Kadhalika, iko desturi ya kumchinja haraka bata anayekaribia kufa ili nyama isipotee. Desturi hiyo iachwe. Bata aliyekunywa sumu au aliyeshikwa na maradhi ya kuambukiza si kitoweo. Afukiwe shimo refu au achomwe moto, wala asitupwe ziwani, kwani mzoga utarudi ufukoni na kuanzisha upya mzunguko ule ule wa mabuu na sumu.

Bata wawili au watatu wakifa kwa mfululizo, au wakiharisha damu kwa pamoja, shauri si la gole tena. Huenda ni kipindupindu cha ndege au maradhi mengine yanayosambaa. Afisa mifugo wa kata aarifiwe siku hiyo hiyo, bata waliobaki wafungiwe, na wasiuzwe sokoni wala kuhamishwa kwa boti kwenda kijiji kingine.

Kinga yake haina gharama kubwa. Mabaki ya samaki yafukiwe. Nyuzi na nyavu mbovu zikusanywe na wavuvi wenyewe mwaloni. Nafaka ikaushwe vyema na kuwekwa juu ya chaga. Changarawe safi na maji ya kila siku viwepo bandani. Watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni baada ya kushika bata, kwani hata bata mzima huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Na mayai ya bata yapikwe mpaka yaive kabisa.

Mazungumzo haya yamewalenga wakaazi wa Kigoma na Ujiji, lakini mfugaji wa Unguja au Pemba, ambaye bata wake hushinda katika mabonde ya mpunga au kando ya madago ya dagaa, atakuta kwamba mengi yaliyoelezwa yanamhusu yeye pia. Ziwa na bahari ni mbali mbali, bali gole la bata ni moja.

Kwa hivyo, wananchi wanahimizwa kuanza kesho alfajiri. Kabla banda halijafunguliwa, kila bata apapaswe gole, aguswe kidari na kuangaliwa kinyesi chake. Kazi hiyo haifiki dakika mbili kwa kila ndege, na mtoto wa shule anaiweza chini ya uangalizi wa mkubwa. Atakayekuta gole limejaa wakati linapotakiwa kuwa tupu, amtenge bata huyo, kisha azunguke uani, ghalani na ufukoni kutafuta alichokiokota.